Koti la Bonane

Katika karakana ya ushonaji nilikoanzia kazi, hapa Gisenyi, mtu hakupandishwa kiti kwa sababu ameijua kazi. Alipandishwa kwa sababu aliye nyuma yake ameijua. Baadaye nilipelekwa chuo kikuu, mahali penye maktaba kubwa na chakula kibaya, nikasomeshwa mengi kuhusu namna watu wanavyokua kazini. Sikukutana na mpango mwingine uliochanganya hekima na ukatili vizuri namna ile.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kuelekea mwisho wake, wakati kule Rubona walipokuwa wakijenga kiwanda kikubwa cha bia, na kila kijana alikuwa na binamu aliyeahidiwa kazi huko. Mimi sikuwa na binamu wa aina hiyo. Nilitoka Busasamana, chini ya volkano, kwa wakulima wa viazi. Baba yangu, aliyekuwa amenitazama nikilima, alikubali haraka sana nitafutiwe kazi ya kukaa. Mjomba alimjua mzee mmoja fundi wa nguo katika mtaa wa Waswahili. Mzee akanishika vidole, akavigeuza kama mtu anayechagua karoti sokoni, akanionyesha mkeka.

Karakana ilikuwa baraza ndefu ya nyumba yake. Ndani kabisa, penye kigiza, ndipo palipokuwa na mkeka wa vifungo. Aliyekaa hapo hakuwa na mashine; alikuwa na sindano, uzi, na matundu ya vifungo ya kutia kwa mkono kutwa nzima. Mbele ya mkeka ilikuwepo cherehani ya pindo, iliyoshona miguu ya suruali na ncha za mashati. Mbele ya hiyo, cherehani ya kola. Na pale mwanga wa barabara ulipoanza ilikuwepo meza ya mkasi, na mkasi ulikuwa wa mzee mwenyewe. Kukua kwetu, basi, kulikuwa ni kusogea taratibu kutoka kwenye kigiza kwenda kwenye mwanga. Hata majina tuliacha kuyatumia. Aliyekutangulia alikuwa Wa Mbele, na anayekufuata alikuwa Wa Nyuma. Mimi nilikuwa Wa Nyuma wa wote.

Watu walisogea mara moja tu kwa mwaka, siku ya bonane, kama tunavyoiita huku sikukuu ya mwaka mpya tangu Wabelgiji watuzoeze kuila. Mzee alikuwa Mwislamu wa asili ya Ujiji na mwaka wake ulianza Muharram. Alisema mapadri wa Nyundo nao wana mwaka wao, na wakulima wana wao unaoanza na mvua. Lakini watu wote, wa dini zote, huagiza nguo kwa ajili ya Noeli na bonane, na baada ya hapo hakuna anayeingia barazani hata kuuliza saa. Ndiyo maana alipanga viti mwezi wa kwanza: alikuwa na nafasi.

Mtihani wake ulikuwa koti. Kila mwisho wa mwaka Wa Mbele alishonewa koti lake, na matundu na vifungo vyake vilitiwa na Wa Nyuma wake. Asubuhi ya bonane alilivaa. Mzee alivifunga vifungo mwenyewe, akachora mstari mwembamba wa chaki ya fundi juu ya kila kifungo, ukipita mpaka kwenye kitambaa. Ukikifungua kifungo na kukifunga tena, mistari haikutani. Wa Mbele alipaswa kuishi siku yake yote ndani ya koti lile, atembee, asalimie, ale, na arudi kabla ya magharibi. Vifungo vikiwa vimeshika, wote wawili husogea. Kikifunguka kimoja, wote wawili hubaki. Wa Nyuma alifuatana naye kama shahidi, baada ya kupekuliwa mifukoni asije akabeba sindano. Na ilikuwa marufuku kumwambia mtu yeyote kwamba koti liko kwenye mtihani. Mzee alisema ukiwaambia watu, watakuonea huruma, na koti halishonwi livaliwe mbele ya watu wenye huruma.

Mwaka ule mtu wa kola alikuwa amepata kibanda chake ng'ambo, Goma, akatuaga. Kiti kikawa wazi. Mzee akatangaza kwamba bonane ikipita bila mtu wa kukikalia, ataleta fundi kutoka Bukavu, na fundi wa Bukavu akishakaa hatoki mpaka afe.

Wa Mbele wangu, mtu wa pindo, alipata homa kusikia hivyo, na hakuwa mtu wa kuugua ovyo. Alikuwa kijana mrefu, mtanashati, Mwislamu wa mtaani hapo hapo, anayeimba akishona na kunyamaza akila. Alikuwa anaposa Rubona, binti wa baharia mmoja wa mashua za mizigo. Binti alikuwa amekubali, mama yake alikuwa anafikiri, na baba yake alikuwa amesema neno moja ambalo Wa Mbele alinirudia mpaka nikalijua kuliko Baba Yetu.

"Mutu wa pindo anafikaka tu kwenye miguu ya watu," mzee wa Rubona alikuwa amemwambia shangazi wa Wa Mbele, aliyepeleka posa. "Akifika kwenye shingo, arudi, tutaongea."

Kulikuwa pia na dereva wa lori, mtu wa safari za Bukavu, ambaye hakufika kwenye shingo ya mtu yeyote lakini alifika pale nyumbani kila alipopita, na hakufika mikono mitupu. Mara ya mwisho alikuwa ameleta birika jipya la kung'aa. Wa Mbele alilichukia birika lile bila kuliona.

Kwa hiyo ndoa ya mtu mzima, aliyeswali na kufunga, ilikuwa inaning'inia kwenye matundu yangu ya vifungo. Na matundu yangu yalikuwa aibu.

Kosa halikuwa la bidii. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na kila mtu aliyenionyesha kazi alinionyesha kwa kulia. Nilipoigeuza kichwani, ikatoka imepinda. Uzi wa tundu la kifungo hulazwa kingoni, kila mshono na kifundo chake, vyote vikiegemea upande mmoja. Vyangu vilianza vikiegemea huku, vikafika katikati vikabadili mawazo. Mzee aliinua kitambaa changu kwenye mwanga siku moja akasema matundu ya watu wengine yanatazama ziwa, yangu yanatazama Goma. Baraza zima lilicheka, pamoja na mteja mmoja ambaye sikumjua, aliyekuwa amesimama akipimwa kiuno. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, nikiingia, mtu aliniuliza habari za Goma.

"We mudogo," Wa Mbele aliniambia jioni ya siku ile, tukifagia vipande, "ndoa yangu iko mu mukono yako. Na Mungu alichagua mukono ya kushoto."

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba angeweza kutafuta mke asiyejali viti. Akasema kesho niwahi.

Kesho yake hakukaa kando yangu kama walivyofanya wengine. Alikaa mbele yangu, uso kwa uso, magoti yetu yakigusana juu ya mkeka, kila mtu na kitambaa chake. Alishona kwa kulia na mimi nikafuata kwa kushoto, kama mtu na kioo chake. Sindano yake ikienda huku, yangu ikaenda huku huku. Sikuhitaji tena kugeuza kitu kichwani, na hilo lilikuwa jambo jema, maana kichwa ndicho kilichokuwa kinaharibu.

Tulifanya hivyo msimu mzima wa mvua za vuli, kila asubuhi kabla ya kazi, mvua ikipiga mabati na ziwa likiwa halionekani kwa ukungu. Nilimtoboa mara chache. Alinitoboa mara chache zaidi, nyingine kwa makusudi. Sitadanganya kwamba ilikuja siku moja nikaamka fundi. Ilikuja kidogo kidogo, kwa namna ambayo mwenyewe sikuiona. Kwanza walioniuliza habari za Goma walipungua. Kisha mzee akawa anapokea kitambaa changu, anakiinua, anakirudisha bila neno, na ukimya wake ule niliupokea kama nishani. Wakati wa Noeli nilikuwa nafanya matundu ambayo mtu mwenye haraka angeweza kuyavumilia.

Koti la Wa Mbele lilikuwa la kaki nzito, kahawia. Mzee alikata, mtu wa kola alilimalizia shingo kabla ya kwenda Goma, Wa Mbele alishona sehemu zake, na mimi nikatia matundu na vifungo. Kifungo cha katikati, kile kinachokaa juu ya tumbo, nilikifanya mwisho, mwanga ukiwa umepungua. Nilikifanya vizuri. Nilikirudia akilini usiku, bado kilikuwa kizuri. Asubuhi nikawa sina hakika.

Siku ya bonane ilianza na jua. Mzee alimfunga Wa Mbele vifungo juu ya kanzu nyeupe, akachora chaki yake, akanipekua. Alitoa sindano moja kwenye ukosi wa shati langu, na naapa sikujua ilikuwepo. Ukikaa na sindano miezi mingi, zinakuzoea. Akauliza tunaelekea wapi. Wa Mbele akajibu: Rubona.

Nilidhani nimesikia vibaya. Siku ya mtihani watu wenye akili walizunguka sokoni, wakapiga picha ufukweni mbele ya mahoteli ya Wazungu, wakarudi mapema. Tulipotoka nilimuuliza kama ni lazima. Akasema shangazi ametuma habari: wazazi wa binti wanamkaribisha bonane, chakula cha mchana, na dereva wa lori alikuwa amekaribishwa jana yake. Asipokwenda, amekwisha. Akienda, na koti ni hilo.

Tulitembea kando ya ziwa. Barabarani watu walikuwa wamevaa kila walichonacho, wakisalimiana bonane, bonane, na Wa Mbele aliwajibu kwa kichwa tu, bila kuinua mikono, akitembea wima kama mtu aliyebeba mtungi usioonekana. Wasichana fulani walisema ni mwanajeshi. Mimi nilitembea hatua moja nyuma, nikitazama mgongo wa koti, nikijaribu kuona kupitia kitambaa mambo yanayoendelea upande wa pili.

Nyumba ya baharia ilikuwa juu kidogo ya bandari, na kutoka uani kwake uliona mashua zimefungwa, hazifanyi kazi siku hiyo. Tulipokewa vizuri. Baba alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyekaa kwenye kiti chake kama kwamba kiti kinaweza kuyumba. Mama alikuwa mwembamba, mwepesi, na nilipomwona nilijua kwamba neno la baba lilikuwa neno tu, na uamuzi ungetoka kwake. Binti alileta maji ya kunawa, akatusalimu chini chini, akatoweka nyuma ya pazia ambalo kuanzia hapo halikutulia. Chai ilitoka kwenye birika la dereva. Lilikuwa kweli linang'aa. Wa Mbele alijiona ndani yake, amepinda.

Kisha mama akanyoosha mkono apewe koti alitundike.

Wa Mbele alishukuru akasema liko sawa. Mama akasema jua kali, anatoka jasho. Akasema amezoea. Mama akamtazama baba. Kwa watu wetu, mgeni anayekataa kuvua koti ni mgeni anayesema kwamba hakai. Askari wa kodi havui koti. Mchumba huvua, na kama ana adabu, huvua kabla ya kuambiwa.

Mama hakukata tamaa. Akaona alama nyeupe za chaki juu ya vifungo, akacheka, akasema mwanangu umejipaka unga, akasogea na ncha ya kitenge chake amfute. Wa Mbele aliruka nyuma. Sina neno jingine: aliruka, akagonga ukuta, akasimama pale mikono mbele ya tumbo lake kama mtu anayelinda kuku. Pazia lilitulia kabisa.

"Iko mugonjwa?" baba aliniuliza mimi.

Nikasema hapana, ni mtu mwenye aibu. Baba alisema dereva hana aibu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

Chakula kikaletwa. Ninakiona hata sasa. Wali, mbuzi kwenye mchuzi mzito, samaki wa ziwa wa kukaanga, sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese, ndizi. Chakula cha watu walioamua kuwa na ukarimu na kutazama utafanya nini nao. Tuliketi mkekani kuzunguka sinia. Mimi nilikalia mkono wangu wa kushoto, maana katika nyumba ya Waislamu mkono huo hauingii chakulani, na kwa hiyo nilikula polepole kama mtoto anayejifunza. Wa Mbele alikula polepole zaidi yangu, na yeye alikuwa na mkono wa kulia mzima. Alichukua wali kwa ncha za vidole. Alimeza, akangoja, akashusha macho kwenye kifungo cha katikati. Alipoketi, koti lilikuwa limekaza pale pale, na uzi wangu ulionekana wote.

Nilijaribu kumsaidia kwa kula sehemu yake. Nilikula mbuzi, nikala samaki, nikasifu sombe mpaka nikajisikia mjinga. Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama upande wa sinia ulio mbele ya Wa Mbele, ambao ulibaki umejaa kama ulivyoletwa. Baba alikuwa ameacha kula. Akaanza kuzungumza habari za lori, jinsi lori linavyofika Bukavu siku moja na kurudi, na jinsi mtu wa lori anavyojua miji.

Mama akaweka mkono wake kwenye ukingo wa sinia. Hakupandisha sauti.

"Mutoto yangu," alisema, "koti umekatalia, mukono yangu umekimbia, sasa chakula. Chakula yangu iko na nini?"

Wa Mbele asingeweza kusema. Kama angesema, tungerudi kwa mzee na sharti lake limevunjwa, na mzee angeuliza, na Wa Mbele hakuwa anajua kusema uongo kwa mtu aliyemfunga vifungo. Asiposema na asipokula, nyumba ile ingefungwa. Lilibaki jambo moja, nalo ni kula. Aligeuka akanitazama. Haikuwa hasira. Lilikuwa swali, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniuliza swali ambalo mimi peke yangu nilikuwa na jibu lake. Kile kifungo nilikishona mimi. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyejua kuna nini ndani ya uzi ule.

Nilifikiri juu ya mwanga uliopungua jioni ile. Nilifikiri juu ya asubuhi zote za mvua, magoti yetu yakigusana.

"Kula, kaka," nikasema. "Itashika."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Baba wa nyumba alinitazama, akajaribu kuelewa nini kitashika nini.

Wa Mbele akavuta pumzi, kwa uangalifu, akaanza kula. Alikula kwanza kama mtu anayetii, kisha kama mtu mwenye njaa, kisha kama Wa Mbele mwenyewe, ambaye kwa kweli alikuwa mlaji mkubwa na alikuwa hajala tangu jana kwa hofu. Alikula wali akafika chini. Alimaliza samaki akanyonya mifupa. Mama akaongeza, akala nyongeza. Mama akakaa chini, mara ya kwanza tangu tufike. Baba akarudi kwenye sinia asije akaachwa. Na mahali fulani kati ya mbuzi na ndizi, katika ukimya mzuri wa watu wanaokula, kifungo cha katikati kilitoa mlio.

Ulikuwa mlio mdogo, wa uzi mmoja kukatika. Wa Mbele aliganda. Mama naye, niliona, aliinua kichwa, akatazama lile koti. Kisha Wa Mbele akafanya kitu ambacho nimekistahi maisha yangu yote: akanyoosha mkono akachukua ndizi nyingine.

Tulirudi kwa mwendo wa mazishi. Alikataa kushika tumbo kwa mkono, kwa kuwa kushika ni kudanganya. Kila kilima alipumua kama mwanamke mjamzito. Sikuthubutu kutangulia nikatazama mbele ya koti, naye hakuthubutu kuinamisha kichwa. Tulifika barazani jua likiwa limegusa vilima vya ng'ambo, na mzee alikuwa amekaa kwenye meza ya mkasi na glasi yake ya chai yenye sukari nyingi kuliko chai.

Aliinama. Alifuata mistari ya chaki kwa kidole, mmoja mmoja. Yote ilikutana. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake. Lakini tundu la katikati lilikuwa limeachama kwenye pembe, uzi mmoja umesimama kama unywele, na kifungo kimeegemea humo kwa uchovu.

Mzee alikunywa chai. "Limechoka," alisema, "lakini halikukimbia. Na mimi sijawahi kuona hivi, basi siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema hapana. Chukueni nusu."

Nusu ilimaanisha hivi: kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, Wa Mbele angekuwa mtu wa pindo na mimi mtu wa mkeka. Baada ya sala ya adhuhuri, yeye angehamia kwenye kola na mimi kwenye cherehani ya pindo. Fundi wa Bukavu asingeitwa. Mengine yangengoja bonane ijayo.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa nyumba. Wa Mbele alikaa kwenye ngazi ya baraza akashika kichwa. Baba wa binti alikuwa amesema shingo. Hakusema shingo ya mchana.

Shangazi alikwenda Rubona mwisho wa wiki na habari zile za nusu, kwa kuwa sasa hakukuwa na siri tena, akaeleza yote: viti, chaki, koti. Alirudi jioni akiwa anacheka mpaka akashindwa kupanda ngazi ya baraza, akatusimulia pale pale chini. Baba alikuwa ameuliza nusu ya shingo ndiyo nini, mtu anavaaje kola nusu. Alikuwa hajamaliza kuuliza, mama akaingilia.

"Mi nilisikia ile koti ikilia," alikuwa amesema. "Mutu anakula chakula yangu mpaka nguo inalia, na anaongeza ndizi. We utapata wapi mwingine? Ule wa birika anakulaka amesimama."

Birika lilirudishwa kwa mwenyewe. Shangazi alisema limerudishwa limesuguliwa vizuri, ili dereva asipate la kusema.

Harusi ilifanyika kiangazi, barabara zilipokauka. Mama alikuwa ametoa sharti moja: bwana harusi aje na koti lile lile, na tundu lisitengenezwe. Nilimsihi Wa Mbele aniruhusu kurekebisha hata ule uzi uliosimama. Kufikia wakati huo nilikuwa naweza. Kwa nusu siku za mashine na nusu siku za mkeka, mkono wangu ulikuwa umetulia, na matundu yangu yalitazama ziwa kama ya watu wengine. Alikataa. Akasema tundu lile sasa ni la mama mkwe.

Kwa hiyo watu wa Rubona na wa mtaa wetu walipita mmoja mmoja kumpa mkono bwana harusi, na kila mmoja, akiwa ameshasikia kisa, aliinama akatazama tumbo lake. Wengine waliligusa tundu kwa kidole. Nimechapisha vitabu vichache tangu wakati ule, na hakuna kimoja kilichochunguzwa na watu wengi namna hiyo, wala kwa moyo mwema namna hiyo. Baba wa binti alinionyesha kwa wageni wa mashua kama mtu aliyetoa kipande cha mahari.

Mzee fundi alikuja na kanzu yake ya sikukuu. Alipofika mbele ya Wa Mbele aliliinua lile tundu kwenye mwanga, kwa mazoea. Nilikuwa karibu, na nilikuwa nimekula vizuri, nikapata ujasiri. Nikamuuliza kama haoni sasa, baada ya yote haya, na mkono wangu ukiwa umenyooka, kwamba ningeweza kuanza mashine tangu asubuhi.

"Bonane ni lini?" aliniuliza.

Nikamwambia bado.

"Basi," akasema, akaenda kutafuta chai.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mkekani, na Wa Mbele, mume wa mtu, alikuwa kwenye pindo akiimba. Nilitia uzi kwenye sindano. Nilikuwa Mkristo wa Nyundo, nimebatizwa na kuimbishwa kwaya, lakini mwaka mzima ule hakukuwa na Mwislamu katika mtaa wa Waswahili aliyeingoja adhana ya adhuhuri kama nilivyoingoja mimi.